Namna ya kuisoma treni ya viwandani Tanga, kutoka bandarini hadi Pongwe

Treni inayopeleka mabehewa viwandani haitangazwi popote. Haina tiketi wala abiria wa kuisubiri, na saa yake ya kuondoka hubadilika kwa sababu meli imechelewa kufunga gati, mvua imesimamisha upakiaji, au kichwa kimoja cha treni kinachotegemewa kimepelekwa kwingine. Anayekwenda kuitazama kwa kubahatisha atarudi nyumbani bure mara tano kabla hajaiona mara moja. Lakini treni hii huacha dalili kila inapopita, na hutoa dalili nyingine kabla haijaja. Mwongozo huu unahusu kuzisoma dalili hizo, kuchagua pa kusimama, na kuelewa kinachofanyika pale kichwa kinapoanza kwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba kimepotea njia.

Kwanza, ijue njia yenyewe

Reli ya Tanga ndiyo kongwe kuliko zote Tanzania Bara. Ujenzi ulianza mwaka 1893 enzi za Wajerumani, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Arusha iliunganishwa 1929. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kinachoiunganisha na Reli ya Kati, kilifunguliwa 1963. Upana wake ni mita moja kamili kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa nyingine, tofauti na ile mpya ya kisasa ya milimita 1,435. Sehemu nyingi utakuta mataruma, yale yanayolazwa chini kushikilia reli, ni ya chuma, si ya mbao. Waliojenga walijua mchwa wa huku.

Mjini reli hutenganisha upande wa katikati ya mji na Ngamiani, kisha huelekea bara, na Pongwe ni kiasi cha kilomita 15 hivi kutoka mjini. Kipande hiki kifupi ndicho kinachomfaa mtazamaji. Mwanzo wake kuna bandari na yadi ya stesheni, mwisho wake kuna Pongwe, kilipo kiwanda kikubwa cha saruji. Treni za mizigo za kwenda Moshi zilirudi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, na saruji ya Tanga ilikuwa kati ya shehena za mwanzo.

Huko Marekani kazi ya kuhudumia viwanda vya mtaa mmoja hufanywa na makampuni madogo ya reli, yenye njia fupi na vichwa vichache; mengi yalizaliwa baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyolegeza masharti ya biashara ya reli. Kwetu kazi hiyo hufanywa na Shirika la Reli Tanzania lenyewe. Kwa macho ya mtazamaji tofauti ni ndogo. Kote utaona kichwa kimoja, mabehewa machache, mwendo wa polepole, na watu wawili watatu wanaotembea kando ya njia wakiwa na bendera.

Kabla ya kutoka nyumbani fungua ramani ya satelaiti kwenye simu na uifuate reli kwa kidole kuanzia bandarini. Weka alama kila mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Ikigawanyika kisha ikarudi kuungana, hiyo ni lupu. Ikigawanyika ikaishia ukutani, ghalani au ndani ya uzio wa kiwanda, hiyo ni saidingi. Kwa kila saidingi andika jambo moja tu: mdomo wake, yaani pale inapoungana na njia kuu, unatazama upande wa Tanga au upande wa bara? Jibu hilo litakuambia mapema treni itafanya nini ikifika, kama tutakavyoeleza mbele.

Kusoma kutu

Dalili kuu kuliko zote ni rangi ya uso wa juu wa reli. Hewa ya Tanga ina chumvi, na usiku mmoja wenye unyevu unatosha kuanzisha wekundu hafifu juu ya chuma kilichokuwa kinang'aa. Reli iliyopitwa leo hung'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa jivu. Iliyokaa siku kadhaa huwa na utando wa rangi ya chungwa unaotoka ukipangusa kwa kidole. Iliyotelekezwa ina kahawia nzito yenye magamba, na nyasi zimelalia juu yake.

Hapa wengi hukosea. Huangalia reli palepale barabara inapokatiza, na pale daima panang'aa, kwa sababu matairi ya magari na bodaboda huisugua mchana kutwa. Ukiwa unavuka kwenye kivuko halali, tupa jicho mita kumi au zaidi kutoka ukingo wa lami. Hapo ndipo reli husema kweli. Angalia reli zote mbili, na pale zinapogawanyika linganisha: njia kuu inang'aa, saidingi je? Kama saidingi nayo ina mstari mwembamba wa fedha, behewa limeingia au limetoka humo karibuni.

Dalili ya pili ni unga wa saruji. Behewa la saruji huacha unga kidogo penye mtikisiko, hasa kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika, na kwenye maungio. Unga ukiwa bado mkavu na unapeperuka, umedondoka baada ya umande au mvua ya mwisho. Ukiwa umeshika na kuwa ganda gumu, ulishapata maji, basi treni ilipita kabla ya hapo. Kwa kulinganisha na mvua ya jana unajua kama ilipita kabla au baada yake.

Ongeza hizi: matone mapya ya mafuta katikati ya njia pale kichwa kilipokuwa kimesimama, ncha za majani zilizopakwa grisi nyeusi kwa urefu wa sanduku za ekseli, alama nyeupe za mchanga juu ya reli mahali kichwa kilipoteleza. Na kama asubuhi umeona gangi ya reli wakifukua udongo kwenye kivuko, wakitia mafuta pointi, au kiberenge kikipita kwenda kukagua, jipange. Njia haikaguliwi bila sababu.

Dalili za upande wa kiwanda zinataka akili kidogo. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe kwa sababu mawe ya chokaa yako hapohapo, kwa hiyo malighafi hiyo kubwa haiji kwa treni. Mzigo unaofaa kupanda treni ni ule wa mbali: kinachoshushwa bandarini kwenda bara, na saruji iliyokamilika kwenda mikoa ya kaskazini. Jasi, inayochanganywa kidogo na saruji ili isigande haraka, huchimbwa Makanya wilayani Same, kandokando ya reli hii hii. Kwa hiyo usiangalie moshi wa bomba la kiwanda. Angalia kama kuna mabehewa matupu yenye milango wazi yanasubiri. Hakuna saruji itakayoondoka kwa reli kabla ya matupu kufika.

Kisha piga hesabu ya upakiaji. Mfuko ni kilo 50, tani moja ni mifuko 20, na behewa la tani 40 linabeba mifuko 800. Kikosi cha wapakiaji kinachotia mifuko 8 kwa dakika kinamaliza behewa moja kwa dakika 100. Mabehewa kumi kwa vikosi viwili ni kazi ya zaidi ya saa nane, bila kuhesabu chakula na sala. Ukiona matupu yameingia saa nne asubuhi, usikae juani kusubiri yatoke. Nenda zako, urudi kesho alfajiri. Na mvua ikinyesha ongeza muda: saruji haipakiwi mvuani, milango hufungwa na watu hujikinga mpaka anga itulie. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hesabu yoyote ya saa ichukulie kama makadirio tu.

Pa kusimama, na ruhusa

Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji. Ndani ya eneo hilo hutakiwi kuzurura, na kutembea juu ya njia ni kosa. Mahali pazuri ni barabarani, upande wa nje wa kivuko, au kwenye kiwanja cha mtu aliyekukubalia. Baiskeli ndiyo chombo cha kazi hii, na Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Treni ya shanting, yaani inayopanga, kuingiza na kutoa mabehewa, hutembea mwendo wa mtu anayetembea au anayekimbia polepole. Mwenye baiskeli anaweza kuitazama kivuko hiki, akapita njia ya mtaani, na kuisubiri kivuko kinachofuata bila kutoka jasho. Gari litakusumbua kutafuta pa kuegesha, na ukiliegesha vibaya utamzibia dereva kuona bendera.

Picha ni suala jingine. Stesheni na bandari ni maeneo yanayolindwa. Simu ibaki mfukoni mpaka uwe umeomba. Nenda stesheni wakati hakuna pilika, muulizie stesheni masta, msalimie ipasavyo, na sema shida yako kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Mie napenda sana kutazama treni za mizigo. Naomba kusimama nje ya uzio nipige picha ya kichwa kikipita, sitaingia njiani." Akikataa, shukuru uondoke. Akikubali, muulize pia jina la mtu wa kumtaja ukiulizwa na mlinzi. Bandarini usitegemee ruhusa ya mdomo, ni barua. Ndege isiyo na rubani inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usiirushe karibu na bandari hata kidogo.

Jambo moja tunalolisisitiza: usitume mtandaoni, wakati tukio likiendelea, kwamba mabehewa kadhaa yaliyojaa yamelala mahali fulani bila mlinzi. Utakuwa umewapa wezi taarifa. Picha iweke baadaye, mabehewa yakishaondoka.

Jua nalo lina kanuni. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na njia kati ya mji na Pongwe huelekea magharibi. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo simama upande wa kaskazini wa reli ili mwanga uangukie ubavu unaoutazama. Kuanzia Oktoba hadi Machi hamia upande wa kusini. Asubuhi treni inayotoka bara kuja mjini hupigwa na jua usoni, na jioni ile inayokwenda bara. Saa sita mchana sehemu yote ya chini ya behewa huwa giza. Hapo tazama kwa macho, weka kamera.

Shanting, hatua kwa hatua

Hii ndiyo sehemu tamu. Treni ndefu ya safari hupita ikaisha kwa dakika mbili. Shanting inaweza kuchukua asubuhi nzima, na kila mwendo una sababu yake.

Rudi kwenye ile alama uliyoweka ramanini. Tuseme treni inatoka Tanga kwenda bara, kichwa kikiwa mbele. Kama mdomo wa saidingi unatazama bara, kazi ni nyepesi: treni inapita pointi, inasimama, pointi inageuzwa, kichwa kinarudi nyuma kikisukuma mabehewa ndani, kinayaacha na kutoka. Kama mdomo unatazama Tanga, treni ikiingia moja kwa moja kichwa kitatangulia na kujikuta kimefungiwa mwisho wa njia, mabehewa yakiwa nyuma yake kama kizibo. Hapo lazima kichwa kizunguke. Kwenye stesheni yenye lupu kinajifungua, kinapita njia ya pili, kinatokea nyuma ya mabehewa, kinayashika upande wa pili, na kuyasukuma kuelekea saidingi. Mtu mmoja hutangulia mbele ya behewa la kwanza, kwa sababu dereva haoni kitu huko.

Kuzunguka kuna kikomo: lupu iwe ndefu kuliko mabehewa. Ukichukulia behewa moja mita 14, mabehewa kumi ni mita 140, na kichwa kinahitaji nafasi yake pia. Yakizidi, yanakatwa mafungu mawili na kazi inafanyika mara mbili. Mtazamaji asiyejua hudhani wamekosea.

Jambo jingine linalowachanganya wageni: treni imeleta matupu, lakini inaanza kwa kutoa yaliyojaa. Sababu ni kwamba njia ni moja. Yaliyojaa yamekalia nafasi, na matupu hayawezi kuingia kabla hayajatoka. Basi matupu huachwa kwenye lupu, kichwa huingia kitupu, hutoa yaliyojaa na kuyalaza njia nyingine, hurudi kuchukua matupu, huyaingiza, kisha huenda kuyakusanya yaliyojaa. Hesabu mara ambazo kichwa kinabadili mwelekeo. Ukiweza kubashiri mwendo ufuatao kabla haujafanyika, umeshaielewa yadi hiyo.

Sasa tazama kwa karibu, kwa macho au kwa darubini ndogo, jinsi behewa linavyoshikwa. Kiunganishi kiko katikati ya ncha ya behewa na kimekaa kama mkono uliokunja vidole. Kidole hicho hufunguka na kufunga.

1. Kichwa kinakuja taratibu na kusimama kabisa, hatua chache kabla ya behewa. Shanta, mfanyakazi anayeunganisha na kuachanisha mabehewa, anakagua: walau kidole kimoja kati ya viwili kiwe wazi, na vyote viwili viwe sambamba. Penye kona huwa haviko sambamba, na hapo huvisogeza.
2. Shanta anatoka katikati ya njia na kusimama pembeni, mahali dereva anapomwona. Hii haina mjadala. Haashirii akiwa bado katikati.
3. Kichwa kinasogea mwendo wa mtu anayetembea au chini ya hapo. Utasikia mlio mmoja mzito, na pini inadondoka.
4. Kinavuta kidogo kwa mwelekeo wa pili. Behewa likifuata, limeshika. Likibaki, vidole vilikuwa vimefunga vyote na vimegongana tu, wanaanza upya.
5. Hozi za upepo zinaunganishwa kwa mkono, kisha mabomba yanafunguliwa, la kichwa kwanza. Sikiliza mfyozo mrefu unaopungua kadiri upepo unavyojaa.
6. Breki za mkono zinafunguliwa mwisho, upepo ukishajaa.

Tazama silinda ya breki chini ya behewa, ubavuni. Ina fimbo. Fimbo ikiwa imetoka nje, breki imeshika. Ikiwa imeingia, breki imeachia. Kabla ya kuondoka dereva hujaribu breki, na kutoka ulipo utaziona fimbo zikitoka na kuingia, behewa moja baada ya jingine, kuanzia karibu na kichwa kwenda nyuma. Mfumo huu hushika breki upepo unapopungua, si unapoongezeka. Ndiyo maana hozi ikikatika treni husimama yenyewe.

Kuachanisha huenda kinyume: breki za mkono zinafungwa kwanza, mabomba yanafungwa pande zote mbili, kichwa kinasukuma kidogo ili kulegeza mkazo, shanta ananyanyua wenzo ulio pembeni, kichwa kinaondoka, na hozi zinaachana zenyewe kwa mlipuko mdogo wa upepo. Ukiona wenzo haunyanyuki, mkazo haujalegea. Hakuna nguvu ya mkono itakayoushinda. Lazima kichwa kisukume tena.

Kusoma behewa na kichwa

Kwa desturi iliyorithiwa kutoka Shirika la Reli la Afrika Mashariki, namba ya kichwa chenye tarakimu nne husomwa mara mbili: mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni kichwa chenyewe. Kichwa cha 88 na cha 73 ni aina tofauti hata kama rangi ni moja. Andika namba yote.

Ubavuni mwa behewa kuna namba, uzito wake likiwa tupu, na mzigo unaoruhusiwa. Lililofunikwa lenye milango ni la saruji, katani, kahawa na chochote kisichotakiwa kulowa. La wazi lenye kuta ni la makaa, jasi na kokoto. Bapa ni la makontena na vyuma. La tangi linajieleza. Kujua kama limejaa bila kuona ndani, angalia springi za bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa: lililojaa springi zimebanana na behewa limekaa chini, tupu springi zina nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Sauti pia husaidia. Tupu hulia kama debe, lililojaa hupiga kishindo kizito na ardhi hutetemeka miguuni.

Mwendo utaupima hivi: tafuta vitu viwili kando ya njia vilivyoachana mita 50, kama nguzo mbili au ncha za ukuta, ambavyo umevipima ukiwa barabarani. Hesabu sekunde ambazo ncha ya mbele inachukua kutoka cha kwanza hadi cha pili, kisha gawanya 180 kwa sekunde hizo. Sekunde 36 ni kilomita 5 kwa saa, sekunde 18 ni 10, sekunde 6 ni 30.

Kinachoharibika, na kwa nini

Adui wa kwanza wa reli ya mjini ni udongo kwenye kivuko. Kando ya reli, upande wa ndani, kuna mfereji mwembamba ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Malori huusukumia matope, jua huyakausha yakawa kama tofali, na gurudumu badala ya kupita mferejini hupanda juu na kudondoka nje. Behewa tupu huathirika zaidi kwa sababu halina uzito wa kuponda. Ndiyo maana kabla ya treni huja watu na sululu. Ukiishi karibu na kivuko, usimwage kifusi hapo, na mwambie jirani asimwage.

Pointi ndiyo ya pili. Ulimi wa pointi lazima ulalie reli ya pembeni bila nafasi. Jiwe moja la ukubwa wa yai likiingia kati, ulimi haufungi, bogi la mbele linafuata njia moja na la nyuma linafuata nyingine. Shanta anayeinama kuchungulia baada ya kuvuta wenzo hapotezi muda. Anatafuta jiwe hilo. Watoto wanaocheza na kokoto pale hawajui wanachokifanya, na mtu mzima anayewaona ana wajibu wa kuwaondoa.

Breki ya mkono iliyosahaulika utaisikia kabla ya kuiona: gurudumu halizunguki, linaburuzwa, linatoa mlio wa kukwaruza na harufu ya chuma kilichochomeka. Likiburuzwa mbali linapata bapa, na tangu hapo behewa hilo litagonga ta-ta-ta kila mzunguko. Ukisikia kugonga huko kwenye treni inayopita, au ukiona moshi kwenye gurudumu, mwonyeshe gadi, yaani msimamizi wa treni, au mtu wa kwenye kivuko. Hiyo si kuingilia kazi ya watu.

Kuteleza hutokea zaidi kwenye manyunyu kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa huosha reli. Manyunyu au umande huchanganya vumbi, mafuta na kutu kuwa kitu kama mrenda. Magurudumu ya kichwa huzunguka bila kwenda, injini inapiga kelele, kisha dereva anamwaga mchanga mbele ya magurudumu. Kwa sababu hii asubuhi yenye ukungu mwepesi huwa ya kusikiliza kuliko yote.

Joto nalo hufanya kazi yake. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya alfajiri hurefuka kama milimita 4. Nafasi zinazoachwa kwenye maungio ni za hilo. Udongo ukizijaza, chuma hakina pa kwenda isipokuwa pembeni, na njia hupinda. Saa nane mchana mwendo ukipungua kuliko wa asubuhi, fikiria hilo kabla ya kumlaumu dereva.

Kuhusu mwili wako mwenyewe: usipite chini ya behewa wala kati ya mabehewa mawili, hata kama hakuna kichwa kinachoonekana. Kichwa kinaweza kuwa mwisho wa pili, mita 200 kutoka ulipo, na mkazo unaweza kukufikia kabla hujakwepa. Behewa linalosukumwa haliungurumi. Vipokea sauti masikioni viache nyumbani.

Daftari

Chukua daftari dogo la kurasa 40 na penseli, maana kalamu ya wino huchafuka kwa jasho. Kila safari iwe na mstari wake: tarehe, saa, kivuko ulichosimama, mwelekeo, namba ya kichwa, idadi ya mabehewa, aina, yaliyojaa mangapi na matupu mangapi, mvua ya jana ilikuwepo au la, meli ilikuwepo gatini au la. Kwa mfano: Jumanne, saa 2:40 asubuhi, kivuko cha pili, kwenda Pongwe, 8 yaliyofunikwa matupu, reli ilikuwa na utando wa chungwa, hakuna mvua.

Andika pia siku ulizokwenda treni isije, pamoja na rangi ya reli siku hiyo. Wengi huziruka, kumbe ndizo zinazoonyesha kama bashiri zako zina msingi. Ukifikisha mistari 20 hivi, panga upya kwa siku za wiki, kisha kwa meli, kisha kwa mvua, uone ni upangaji upi unaokusanya treni pamoja. Kichwa kikibadilishwa au mteja mpya akianza kupakia, anza ukurasa mpya.

Kwa chakula, vivuko vya karibu na Ngamiani vina kahawa na kashata hatua chache kutoka barabarani. Mwuza kahawa aliyekaa hapo miaka kumi anaijua honi ya kila dereva. Mnunulie kikombe naye umsikilize, na alilosema uliandike kwenye safu yake peke yake, mpaka reli ilithibitishe.